Jozi Sitini za Aoi

3 Februari

Mdomo wangu umeniponza tena, na nimejaa furaha ninapoandika haya. Leo ni siku ya kurusha maharagwe kufukuza mashetani wa mwaka. Tulipomaliza kurusha tukakaa kikao cha mtaa kwenye ukumbi mdogo wa hekalu, watu kumi na tisa kuzunguka jiko moja la mafuta ya taa. Bwana Okuno, mwenyekiti wetu, yule anayeuza achari kwenye kona, akafungua boksi akatoa majani ya plastiki. Aoi, mmea wetu wa sherehe ya Mei, ya plastiki! Majani mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, umbo la moyo, kijani cha kuumiza macho.

"Hayanyauki," alisema Bwana Okuno. "Sherehe ikiisha tunayaosha, tunayarudisha kwenye boksi."

Watu wakanyamaza. Hapa Kyoto watu wakinyamaza hujui kama wamekubali, wamekataa au wamesinzia. Mimi ni mtu wa Osaka, na sisi kimya kinatuwasha. Nimeolewa kwenye kichochoro hiki miaka thelathini na sita, na hadi leo naitwa bi harusi wa Osaka, ingawa nina miaka sitini na miwili na goti la chuma.

Sherehe yetu ya Mei ina watembeaji kumi na wawili, mume wangu akiwa mmoja wao. Kofia ya kila mmoja huchomekwa jozi tano za aoi pamoja na tawi la mti wa katsura. Hesabu ni sitini. Tangu enzi za mama mkwe wangu, jozi hizo zilitoka kwenye kitalu kilicho nyuma ya nyumba yetu. Halafu kitalu kikaanza kufa. Miaka minne iliyopita kilikuwa na jozi zaidi ya mia mbili, mwaka jana kilitoa kumi na saba, na tukalazimika kwenda kuomba mtaa mwingine kwa kuinamisha vichwa mpaka chini.

Nikasimama. "Sitini nitazitoa mimi," nikasema. "Kutoka kitalu chetu. Ikipungua hata moja, tumieni plastiki mpaka nife."

Jirani yangu, Bi Tsujimoto, mwenye miaka themanini na mitatu, akatabasamu bila kuonyesha meno. "Watu wa Osaka wana moyo mkubwa jamani. Mimi nisingethubutu."

Kwa lugha ya hapa hiyo maana yake ni kwamba nina wazimu. Sijali, nimefurahi mno. Sijui nitazitoa wapi.

4 Februari

Mume wangu Shoji aliendesha tramu miaka thelathini na mitano na alizoea kusema jina la kituo tu. Leo asubuhi alikunywa supu yake yote kabla ya kufungua mdomo.

"Mama watoto."

"Abee."

"Sitini?"

"Sitini."

Akaomba supu nyingine.

6 Februari

Nimekwenda kukitazama kitalu. Ni ukanda mwembamba upande wa kaskazini, kati ya ukuta wetu na ukuta wa Bi Tsujimoto, chini ya mti ule unaogeuka mwekundu kila vuli. Jua haliingii hata mwezi wa saba, na aoi inapenda hivyo hivyo. Wakati wa baridi majani yote hufa na huoni kitu, ila mashina yake yapo, yanatambaa juu juu ya udongo, yanasubiri.

Kitalu ni safi kama sahani, hakuna jani moja kavu. Shoji hukifagia alfajiri kabla sijaamka, tangu nilipofanyiwa upasuaji wa goti miaka minne iliyopita. Hasemi, nami simshukuru, ndivyo ndoa yetu inavyokwenda. Nimemwekea yai la pili kwenye chakula cha mchana.

11 Februari

Theluji. Nimekaa dirishani kama kuku anayeatamia.

19 Februari

Nitaandika haraka kabla furaha haijanipasua kifua. Tumepanda treni ndogo ya milimani, mimi na Shoji, kwenda kuona aoi ya porini inaishije. Nilikuwa na wazo kwamba huenda maji ya huko yana siri. Tukafika kwenye kijito, Shoji akasimama na mwavuli, mimi nikapiga goti langu zima kwenye matope. Ardhi yote imefunikwa majani yaliyooza, meusi, mazito, yaliyolowa, unene wa kiganja kizima. Nikayafunua kwa kidole kimoja. Chini yake mashina ya aoi yamelala kwenye joto lao, kila moja na kichipukizi kinene chenye wekundu kwa mbali, kimeshiba.

Nikafunua hapa, nikafunua pale. Kila mahali vichipukizi.

"Shoji," nikasema, "huku hakuna anayefagia."

"Hakuna," akasema Shoji.

"Blanketi. Majani makavu ndiyo blanketi lao. Sisi tumewavua nguo kila siku kwa miaka minne na kuwaacha kwenye baridi."

Akafikiri kwa muda wa vituo viwili vya tramu. "Watu wa Kyoto," akasema, "hatuwezi kuona jani chini."

Ni kweli kabisa. Hapa mtu husalimiana na jirani kwa ufagio. Kila alfajiri unafagia mbele ya mlango wako, unavuka mpaka kidogo, urefu wa mkono mpaka kiwiko, kisha unaacha. Ukivuka zaidi umemwambia jirani kuwa ni mvivu. Usipovuka kabisa wewe ni bahili. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifagia kichochoro kizima kwa bidii ya bi harusi, na wiki nzima hakuna aliyenisalimia.

Nimerudi na magunia mawili ya majani ya mlimani. Watu ndani ya treni walihama viti.

20 Februari

Nimetandaza gunia la kwanza kitaluni. Nilimwambia Shoji asiguse. Akasema, "Sigusi." Mashina yetu yamekonda, ncha zimekauka, lakini nimehesabu vichipukizi kumi na tisa vilivyo hai. Nilivifunika kimoja kimoja. Kama ningekuwa na sauti ningeviimbia.

21 Februari

Kitalu ni safi kama sahani.

22 Februari

Upepo, labda. Nimetandaza nusu ya gunia la pili.

23 Februari

Safi kama sahani. Upepo gani huu unaochukua jani moja moja hadi pembeni?

3 Machi

Nilitega vijiti na uzi juu ya majani kuzuia paka. Asubuhi vijiti vipo, uzi upo, majani hayapo. Paka gani huyo mwenye adabu?

12 Machi

Gunia la tatu. Shoji alilibeba yeye kutoka stesheni bila kulalamika, na ndipo nilipoanza kumshuku.

13 Machi

Safi kama sahani. Tumegombana wakati wa chakula cha mchana.

"Wewe ndiye unayefagia," nikamwambia. "Mikono imezoea, huwezi kujizuia, sema tu."

"Mimi?" Shoji akaweka vijiti vyake chini, jambo ambalo hafanyi hovyo. "Mimi sijafagia kule nyuma hata siku moja."

"Miaka minne hujafagia?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi na goti hili?"

"Nilisema moyoni, mke wangu ni jasiri."

Tukatazamana. Miaka minne nimempa yai la pili kwa kazi asiyoifanya, naye alikuwa akila tu.

14 Machi

Niliweka saa ya kengele saa kumi na moja alfajiri, mimi ambaye huamka jua likiwa limeshapanda. Nikasimama nyuma ya kioo cha jikoni na nguo za kulalia. Kwanza nikasikia sauti, shaa, shaa, ya ufagio wa mianzi. Halafu akatokea, mgongo umepinda, kitambaa cheupe kichwani, Bi Tsujimoto. Akafagia mbele ya mlango wake. Akafika kwenye jiwe la mpaka kati ya nyumba zetu. Akalivuka. Akaja mpaka kitaluni kwangu, akainama, na kwa ncha ya ufagio akaanza kutoa jani moja moja kutoka chini ya uzi wangu, kwa uangalifu, kama anayemchana mtoto nywele.

Ningeweza kufanya mambo mengi. Kuna mwanamke wa Kyoto ndani ya kila nyumba ya kichochoro hiki ambaye angekohoa tu, au kesho yake angesema, "Mikono yako haichoki, Bi Tsujimoto," na yule angeelewa. Mimi nilifungua dirisha kwa nguvu mpaka likagonga.

"Bi Tsujimoto, acha! Unaniulia mimea yangu!"

Kichochoro kizima kilisikia. Taa tatu ziliwaka.

Alisimama wima kadiri mgongo wake unavyoruhusu. Akatazama majani kwenye sinia lake la takataka, akatazama kitalu. Uso haukubadilika hata chembe. Akainama kwangu, chini kabisa, akasema, "Samahani kwa usumbufu," akalivuka jiwe kurudi kwake na kufunga mlango polepole.

Mwanzoni nilijisikia mshindi. Nilikaa jikoni nikinywa chai. Nimempata adui. Anataka nishindwe, alisema mwenyewe kikaoni kwamba yeye asingethubutu. Nikamwamsha Shoji nimweleze yote, na yeye, akiwa amelala bado, akauliza swali moja tu: "Alianza lini?"

Alianza nilipokuwa hospitali. Nililazwa wiki tatu, nikarudi na magongo, na kwa desturi ya hapa nyumba isiyofagiwa ni nyumba iliyoaibika. Bibi kizee mwenye mgongo uliopinda akalivuka jiwe asubuhi ile akanifichia aibu yangu. Akafanya hivyo kesho yake, na keshokutwa, miaka minne, theluji na mvua, na hakutaja kwa sababu ukitaja ni kama kudai shukrani. Mimi leo nimemshukuru kwa kumwita muuaji mbele ya mtaa.

15 Machi

Mbele ya mlango wa Bi Tsujimoto hapajafagiwa.

16 Machi

Hapajafagiwa. Watu wanapita wakitazama ukutani.

17 Machi

Bado. Kitalu changu kimejaa majani na sina raha nayo.

18 Machi

Nilikwenda na keki za wali wa kunata zenye kujazwa maharagwe matamu, zile anazozipenda. Alifungua mlango nusu. Nikainama mpaka goti likalia. Nikasema nimekosa, mdomo wangu hauna mlango.

"Wewe hujakosa kitu, Bi Fusae. Ni mimi kizee nisiyejua mambo ya mimea," akasema. Akazipokea keki kwa mikono miwili. "Karibu basi ndani, unywe chai kidogo."

Hapo nimeshaungua mara moja, siungui tena. Nilipokuwa bi harusi mpya aliniambia maneno hayo hayo, nikaingia, nikanywa vikombe vitatu na kuomba achari. Kumbe hapa ukikaribishwa chai mlangoni maana yake umekaa sana, nenda kwenu. Habari ile ilitembea mtaani mwaka mzima. Kwa hiyo leo nikasema, "Ahsante sana, siku nyingine," nikarudi nyumbani nikiwa na adabu zangu zote na moyo mzito.

19 Machi

Saa kumi na moja alfajiri nilichukua ufagio wetu. Nikafagia kwangu, nikafika kwenye jiwe, nikalivuka. Sikuvuka urefu wa mkono. Nimefagia mbele ya nyumba yake yote, hadi mpaka wa jirani wa upande wa pili, nikijua maana yake na nikijua kila dirisha lina jicho. Goti liliniuma vizuri. Dirisha lake la juu lilifunguka upana wa kidole.

20 Machi

Shaa, shaa. Nimeisikia kitandani. Nikakimbia dirishani. Amefagia kwake, akafika kwenye jiwe, akavuka urefu wa mkono mpaka kiwiko, akaacha. Nilitamani apitilize. Nikamwambia Shoji nimefurahi kuusikia ufagio kuliko nilivyofurahi kusikia habari za pensheni. Akasema, "Rudi ulale."

29 Machi

Micheri imechanua. Mji mzima unatembea ukitazama juu, mimi peke yangu natazama chini.

4 Aprili

Imetoka. Moja.

Nataka kuandika zaidi lakini nimeshatoka kwenda kuitazama mara sita tangu asubuhi. Imetoboa majani makavu, kikonyo chekundu chekundu, na majani yake mawili bado yamekunjwa, yamelaliana kifuani. Nilimwita Shoji, akachutama, akatoa saa yake ya kazini akaangalia muda, kama vile imewasili stesheni.

"Imewahi," akasema.

8 Aprili

Nne. Moja kati ya hizo imefunguka, na mioyo yake miwili haina hata tundu.

9 Aprili

Redio imetangaza baridi ya kugandisha, ambayo kwa mwezi huu haikutarajiwa. Jalidi likigusa majani machanga hayo yanakuwa meusi kwa saa moja. Nimefunika kwa kila nilichonacho: magazeti, taulo, koti la tramu la Shoji lenye vifungo vya shaba. Upande wa mwisho, karibu na ukuta wa Bi Tsujimoto, vitu viliniishia. Kuna vichipukizi vitano huko. Nimewaomba radhi.

10 Aprili

Asubuhi paa zote zilikuwa nyeupe. Nilikwenda kwanza upande wa mwisho, nikiwa nimejiandaa kulia. Nikakuta mkeka wa majani ya mpunga, mzito, umetandikwa juu ya vile vitano na kuwekewa mawe pembeni usiruke. Umeandikwa kwa wino uliofifia jina la duka la mchele la marehemu Bwana Tsujimoto.

Vyote vitano vizima. Nilipiga makofi ya furaha peke yangu pale uchochoroni.

Zamani ningemgongea mlango nikapiga kelele za ahsante. Leo nimeukunja mkeka, nikauweka mlangoni kwake, juu yake bakuli la figili nilizozitia chumvi mwenyewe. Jioni bakuli lilikuwa mlangoni kwangu, limeoshwa, ndani yake kuna kiberiti kimoja kipya, kwa sababu hapa chombo hakirudishwi kitupu. Nimeanza kuielewa lugha hii, baada ya miaka thelathini na sita.

16 Aprili

Kumi na moja.

22 Aprili

Kumi na sita. Mvua laini. Nilipokuwa nikichutama kitaluni Bi Tsujimoto alipita na mwavuli, akasimama kwenye jiwe.

"Zinakua, Bi Fusae."

"Zinakua, kwa msaada wako."

Akatazama mvua kwa muda. "Kule nyuma ya ghala langu kuna ubaridi mzuri siku hizi. Ukipata nafasi njoo tunywe chai huko."

"Ahsante sana, siku nyingine," nikasema. Nilikuwa nimekaa njiani muda mrefu, nimemzuia kupita. Anajua kumfukuza mtu kwa upole, mama huyu.

28 Aprili

Ishirini na moja. Nimelala kifudifudi kuona maua. Ua la aoi linajificha chini ya majani, zambarau iliyokolea, limeinamisha uso ardhini, mtu anaweza kuishi na mmea huu maisha yake yote asijue kwamba unatoa maua. Shoji alinikuta nimelala pale akadhani nimeanguka. Nilipomwonyesha naye akalala. Tulikaa hivyo, wazee wawili kwenye matope, na ndivyo Bwana Okuno alivyotukuta.

"Boksi lipo, Bi Fusae," akasema. "Nawakumbusha tu. Lipo."

3 Mei

Ishirini na tatu. Mpya hakuna tangu juzi.

Bi Tsujimoto amenikaribisha tena. "Chai ya mwaka huu imefika, ya kwanza kuchumwa. Nyuma ya ghala kunapendeza." Mara ya pili huko nyuma ya ghala. Nikajiuliza nimemkosea nini tena. Nikakataa kwa kuinama zaidi.

7 Mei

Ishirini na tatu. Nimehesabu asubuhi, mchana, jioni, nikianzia kulia, nikianzia kushoto.

9 Mei

Ishirini na tatu. Msimu wa kuchipua umekwisha, nisijidanganye. Kitalu kimefufuka, mwakani kitakuwa hamsini na mwaka wa tatu kitajaa, lakini sikuahidi mwaka wa tatu. Niliahidi Mei hii, mbele ya watu kumi na nane, nikasema ikipungua hata moja. Sasa watoto wa mtaa huu watakua wakidhani aoi inatengenezwa kiwandani, na itakuwa kwa ulimi wangu, maana kama ningenyamaza kikaoni pengine wangeendelea kuazima mtaa wa pili.

Nimemwambia Shoji kesho nitakwenda dukani kwa Bwana Okuno kukiri. Alimaliza supu yake kwanza. Halafu akasema, "Nitavaa ya plastiki. Lakini hizi ishirini na tatu zako nitazitia mfukoni."

Nilimpenda sana hapo, na nimeona niandike.

10 Mei

Nimekaa chini kuandika mara tatu nikainuka mara tatu. Ngoja.

Nilitoka saa tatu asubuhi kwenda kwa Bwana Okuno, nimevaa nguo za heshima. Bi Tsujimoto alikuwa kwenye jiwe, bila ufagio, mwavuli mkononi, kama mtu aliyekuwa akisubiri.

"Bi Fusae, unatoka. Kabla hujaenda, pita kwangu nyuma unywe chai."

Mara ya tatu. Nikainama. "Ahsante sana, siku..."

Akanishika mkono wa nguo. Miaka thelathini na sita sijamwona akimgusa mtu.

"Fusae," akasema, bila Bi. "Njoo. Nakuambia njoo, kwa maana ya njoo. Niseme kwa lugha gani?"

Nikamfuata. Tulipita jikoni kwake, tukapita kisima kilichofunikwa, tukazunguka ghala la zamani la mchele, mahali pasipofika jua wala mgeni. Pale kuna lundo ambalo amekuwa akimwaga takataka zake za kufagia, majani juu ya majani, miaka na miaka, limeoza likatandaa mpaka ukutani.

Na juu yake lote, aoi.

Sikuona udongo. Niliona mioyo tu, imepandana, mikubwa kuliko ya kitalu changu, kijani cha maji, inatikisika kidogo pale mwavuli wake ulipoigusa. Nilianza kuhesabu nikafika arobaini kabla ya kutoka kwenye kona ya kwanza, nikaacha.

"Ufagio," alisema Bi Tsujimoto nyuma yangu. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nikivunja vipande vya mashina yako bila kujua. Na mbegu pia, nadhani. Nikavileta hapa kila asubuhi, nikavifunika na majani ya kesho yake. Miguu yangu haifiki huku nyuma kabisa, hutupa kutoka pale kwenye kisima. Nimeona mwezi uliopita tu. Ningekuambiaje? Umeniambia ninaua mimea yako, halafu nikuambie kumbe nimeiiba yote ipo kwangu? Nilitaka uje uone mwenyewe. Nimekukaribisha chai mara tatu."

"Nilidhani unanifukuza."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Wewe."

Kisha bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, na huenda alikuwa analia, lakini alipoinua uso alikuwa akicheka na meno yote yako nje, na nilikuwa sijawahi kuyaona. Nikamkumbatia, jambo ambalo hapa halifanywi. Alinuka kafuri na chai.

"Nimekuibia miaka minne," akasema begani kwangu.

"Umenitunzia miaka minne," nikasema.

Chai hatukunywa. Nilikimbia kumwita Shoji, nikakimbia, mimi na goti la chuma.

14 Mei

Sherehe. Tulichuma alfajiri, Bi Tsujimoto akishika kikapu: ishirini na tatu kutoka kwangu, thelathini na saba kutoka kwake, na lundo halikuonyesha hata pengo. Watembeaji kumi na wawili wamepita kwenye kichochoro chetu kwa mvua ya rasharasha, ambayo aoi inaipenda kuliko jua. Shoji alikuwa wa nne, kofia nyeusi, tawi la katsura, mioyo kumi inayodondosha maji juu ya masikio yake. Alipofika kwangu hakugeuza kichwa, maana hairuhusiwi, ila alisema jina letu la ukoo kwa sauti ya kazini, "Nishigaki, mbele ya nyumba," kama anayetangaza kituo.

Bwana Okuno alikuja kuinama mbele yetu wawili. Akauliza aandike majani yametoka nyumba gani kwenye ubao wa hekalu. Nikasema Tsujimoto. Bi Tsujimoto akasema Nishigaki. Tulibishana kwa adabu mpaka wino ukakauka kwenye brashi, akaandika majina yote mawili. Ya plastiki ameyapanga dirishani mwake kati ya mitungi ya achari, na yanapendeza, nimemwambia, bila kijembe chochote.

16 Mei

Leo shaa, shaa ya ufagio ilifika kwenye jiwe, ikavuka, ikaendelea. Nikatoka mbio. Alikuwa na kikapu cha majani ya jana yake, anayamwaga kitaluni kwangu na kuyasawazisha kwa mkono kati ya vikonyo, akivifunika miguu.

"Wanalala vizuri?" akauliza.

"Wanalala vizuri."

Akanikaribisha chai. Nikaenda. Tulikaa nyuma ya ghala kwenye viti vifupi, nikasimulia Osaka, nikasimulia goti, nikanywa cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikaomba achari. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta alipoweka birika chini na kunitazama.

"Fusae," akasema, "kikombe cha pili kile, nilikuwa nakufukuza."

Nikamsogezea kikombe anijazie.